Kompaila unayo, ya nini kupakua nyingine?

Bando likiyeyuka ukiwa unajenga programu kwa Go, ile lugha ya kuandikia programu, usikimbilie kuulaumu mtandao. Fungua faili la go.mod, linaloorodhesha mahitaji ya mradi, tazama mstari unaoanza na neno go. Tangu Go 1.21 ya mwaka 2023, mstari huo ni sharti: ukitaja toleo jipya kuliko lililomo kwenye mashine yako, amri ya go hupakua kompaila nzima, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, bila kukuuliza.

Mimi kila mashine mpya naianza na amri hii, inayoiambia Go itumie kompaila iliyopo tu:

go env -w GOTOOLCHAIN=local

Baada ya hapo, toleo ulilonalo likiwa halitoshi, kazi inagoma na kukwambia sababu. Heri nigomewe kuliko kubebeshwa mzigo nisiouagiza. Na ukichunguza, mara nyingi mradi wala hauhitaji toleo hilo. Aliyeuanzisha alikuwa na Go mpya tu, namba ikajiandika. Ishushe kwa go mod edit -go=1.22, kisha endesha majaribio. Kama anayedai toleo jipya ni kitegemezi, yaani msimbo wa wengine ambao mradi unautumia, utagomewa tena. Hapo mimi hurudi kwenye toleo la nyuma la kitegemezi hicho, isipokuwa jipya limeziba tundu la usalama. Kwa usalama, bando liende.

Una matoleo zaidi ya moja? Weka GOTOOLCHAIN=path. Itatafuta kwenye PATH (orodha ya folda ambamo mashine hutafuta amri) kompaila yenye jina kama go1.22.6, na haitapakua kitu.

Wengi pia husakinisha gcc, kompaila ya lugha ya C, kwa mazoea. Kama programu yako haina C ndani, CGO_ENABLED=0, inayozima matumizi ya C, inatosha. Ikitumia ile hifadhidata ya SQLite iliyoandikwa kwa C, basi gcc huikwepi.

Wanaojenga Go yenyewe kutoka kwenye msimbo wajue kwamba tangu 1.5 ya mwaka 2015 kompaila yake imeandikwa kwa Go, kwa hiyo inahitaji Go iliyotangulia. Go 1.24, kwa mfano, inataka angalau 1.22.6. Elekeza GOROOT_BOOTSTRAP kwenye folda ya Go uliyonayo, halafu endesha ./make.bash.

Kompaila zilizokwisha kurundikana zimo ndani ya ~/go/pkg/mod/golang.org, kwenye folda zinazoanza na toolchain@. Usitumie go clean -modcache kuzifuta, maana itafagia na vitegemezi vyako vyote, uanze kuvipakua upya. Futa folda hizo peke yake, ila tanguliza chmod -R u+w ili ziruhusu kufutwa, la sivyo rm itakataa.