Maswali na Majibu ya Kompyuta: Nafasi ya diski imekwenda wapi?

SWALI: Mhariri, chama chetu bado kinaweka rekodi kwenye kompyuta ya 486 ya zamani yenye mfumo wa MS-DOS 6.22. Diski ina lebo ya megabaiti 420 lakini FDISK, programu ya kugawa diski, inaonyesha 400. Tena barua zetu 2,000 jumla yake kwa DIR (amri ya kuorodhesha faili) ni baiti milioni 4 tu, ilhali tulipozinakili nafasi ilipungua kwa zaidi ya milioni 16. Nini kinakula diski? – *Katibu, Umoja*

JIBU: Katibu, hizo megabaiti 20 za kwanza hazikuwahi kuwepo. Kiwanda huhesabu megabaiti kuwa baiti 1,000,000. FDISK huhesabu 1,048,576. Gawanya milioni 420 kwa hiyo ya pili, utapata 400 na chembe.

Baiti za barua ndizo zinapotea kweli. DOS hugawa diski kwa klasta, yaani vipande vya ukubwa sawa, na faili mbili hazikai klasta moja. Ni kama duka linalouza unga kwa pakiti ya kilo 2 pekee: hata ukitaka kikombe, utabeba pakiti. Andika CHKDSK C: na utafute mstari wenye 8,192, huo ndio ukubwa wa klasta yako. Barua ya baiti 2,000 inakalia zote 8,192. Zidisha kwa 2,000: baiti 16,384,000.

Dawa rahisi ni kufunga barua za kila mwaka katika faili moja kwa PKZIP, programu ya kubana faili. Ukigawa diski upya kwa FDISK, sehemu ya kati ya megabaiti 16 na 128 itakuwa na klasta za 2,048, lakini FDISK hufuta kila kitu, kwa hiyo nakili kwanza. DriveSpace, programu ya kubana diski nzima, siipendekezi: diski yote inageuka faili moja kubwa iliyofichwa, na hiyo ikiharibika umekwisha.

Stima ikipotea faili ikiandikwa, hubaki klasta zisizo na mwenyewe. Toka kwanza Windows 3.1 kabisa, kisha endesha programu ya kukagua diski, SCANDISK C:. Ukikubali ihifadhi vipande hivyo, vitatokea kwenye saraka kuu (orodha ya kwanza ya faili za diski) kama FILE0000.CHK, vichungulie kwa EDIT, visipofaa vifute. DEFRAG, ya kupanga upya vipande vya faili, ije baada ya hapo, kamwe isitangulie, kwani huhamisha data na jedwali bovu la klasta (orodha ya DOS ya klasta za kila faili) litaipeleka pabaya. Na usiianze siku ambayo stima inachezacheza.

SWALI: Disketi ya megabaiti 1.44 ikishafomatiwa inaonyesha baiti 1,457,664. Ni mbovu? – *Msomaji, Buruburu*

JIBU: Nzima kabisa. Ina sekta, yaani vipande vidogo kabisa vya diski, 2,880 za baiti 512. Sekta 33 zimechukuliwa na DOS: 1 ya kuwashia, 18 za nakala mbili za jedwali la klasta, 14 za saraka kuu. Saraka hiyo inabeba majina 224 tu, kwa hiyo faili ndogondogo zikizidi idadi hiyo disketi itazikataa hata ikiwa nusu tupu. Zipange ndani ya saraka ndogo.