Kwanini wasiulize tu kwenye WhatsApp?

Kaka umeuliza kwanini hao watafiti wa maoni ya wananchi wanahangaika kushuka mpaka mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na madodoso wakati wangetupia swali kwenye grupu la WhatsApp wapate majibu elfu kwa siku moja. Shida sio wingi bana, shida ni nani kajibu. Grupu linajibiwa na mwenye smatifoni, mwenye bando, na mara nyingi ndo yuleyule mpenda siasa, sasa mama anayeanika dagaa kule Ukerewe na kitochi chake humo hayumo, hata ukipata majibu laki moja bado hayumo. Watu 1,200 waliochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima wanakupa jibu linaloyumba kama asilimia 3 hivi juu au chini, ndo maana Afrobarometer, wale wanaopima maoni ya wananchi Afrika, toka 1999 wanahoji ana kwa ana. Simu nayo inawezekana ila kwa akili, shirika la Twaweza walipoanza Sauti za Wananchi, utafiti wao wa kwa simu, 2013 walichagua kaya kwanza alafu wakawagawia simu na chaja za sola, yaani asiye na simu nae akaingia. Lakini ukimpigia mvuvi wa dagaa saa nne asubuhi amelala huyo, kakesha ziwani na taa, mtafute jioni kabla hajaingia majini au subiri mbalamwezi maana siku hizo wapo tu nchi kavu wanapiga stori. Na akishakuuliza "umetumwa na nani" ujue majibu yameanza kubadilika hapohapo.