Pha sin haipandi kichwani

Ukipangiwa kufundisha shule ya kijijini huku Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, utakuta siku moja ya wiki walimu wote wamevaa nguo ya kienyeji. Kwetu ni Ijumaa. Dada zangu, hapo mtakimbilia pha sin, ile sketi ya kufuma iliyoshonwa duara kama saruni. Ngojeni kwanza.

Mimi nimekulia Mombasa, na nilijiona bingwa wa nguo za kujifunga. Wiki yangu ya pili, jua la mchana likichoma, nilitoka uani kuanua nguo. Nikachukua pha sin ya mwenye nyumba wangu, nikajitanda kichwani kama leso, yaani kanga. Kijiji kizima humwita Yai, yaani bibi mzaa mama. Hakunigombeza. Aliinuka kwenye mkeka, akaniondolea nguo ile kwa mikono miwili, akanipa taulo. Kesho yake mwalimu mwenzangu ndiye aliyenifumbua macho. Kichwa huku kinaheshimiwa kuliko kiungo kingine chochote, na miguu iko chini kabisa kwa cheo, kwa hiyo nguo ya kiunoni mwa mwanamke haipandi juu. Hata kwenye kuanika, mashati huwekwa juu na sketi chini. Na usishangae kumwona mzee mwenye hirizi shingoni akizunguka ua mzima ili asipite chini ya pha sin iliyoanikwa, maana inaaminika hirizi itapoteza nguvu. Lakini pha sin ya mama mzazi ni habari nyingine. Kipande chake ni kinga, na wapo wanajeshi waliokwenda nacho vitani.

Kununua nako kuna elimu yake. Pha sin ya asili ina sehemu tatu: kichwa (hua sin), mwili (tua sin) na mguu (tin sin). Kichwa mara nyingi ni pamba tupu, kwa kuwa ndipo unapokunja na kufunga, na shati litapafunika. Ukivaa kichwa chini, miguu juu, wanafunzi wataona kabla ya wewe kufika ubaoni. Kule Mae Chaem, jimbo la Chiang Mai, uzuri wote humiminwa kwenye mguu. Isan fahari yetu iko mwilini, kwenye ufumaji wa matmi: nyuzi za mshindio hufungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, palipofungwa rangi haiingii, kisha ndipo zinapofumwa. Ndiyo maana kingo za maua yake zina ukungu kidogo. Geuza kitambaa: kama nyuma kumefifia, umeshika cha kupigwa chapa kiwandani. Kwa hariri, nenda Chonnabot, jimbo la Khon Kaen, ukawaone wenyewe wakichemsha vifukofuko na kuvuta uzi. Buu anayebaki huliwa. Utakaribishwa. Kula tu, ladha yake haiko mbali na njugu za kuchemsha.

Nguo ya nili ya Sakon Nakhon, jimbo jingine la Isan, ifue peke yake mara za mwanzo. Mimi nililipia somo hilo kwa blauzi mbili nyeupe.

Kaka zangu, kazi yenu ni nyepesi. Pha khao ma, kitambaa cha mirabaraba cha wanaume, ni mshipi, taulo, nguo ya kuogea, kilemba cha shambani na bembea ya mtoto. Ni kikoi chenye kazi nyingi zaidi, na chenyewe kinaruhusiwa kichwani.

Neno moja kuhusu dhahabu. Mwalimu mwenzangu aliniambia mkufu wake ni wa baht mbili, nami nikamhurumia, kwani baht ndiyo fedha ya huku, na baht mbili ni sarafu tu. Kumbe baht ni kipimo pia: baht moja ya dhahabu ya vito ni gramu 15.16, na usafi wake ni asilimia 96.5. Alikuwa amevaa zaidi ya gramu 30 shingoni, na mimi namnunulia chai!

Mkipata nafasi kwenye sanduku, njooni na leso za zawadi. Nilimpa Yai jozi moja. Aliitandaza sakafuni, akaupapasa mji, ile sehemu ya kati, akalipapasa pindo, akauliza kichwa chake kiko upande gani. Nikamwonyesha jina, yaani msemo ulioandikwa, nikamweleza kwamba maandishi hukaa chini, huku nyuma. Akanitazama kama mimi nilivyotazamwa siku ile ya uani. Maneno, ukayakalie? Leso hiyo hajawahi kuifunga kiunoni. Siku za kwenda hekaluni huikunja kwa urefu na kuipitisha begani kushoto, jina likiwa kifuani.