Kabla hujachangisha chochote, wapindue hao panya uone jinsia

Mkuu mleta mada, tulia kwanza. Unasema jamaa anakupa panya wake wote wa kufugwa, wamerundikwa kwenye tangi la kioo, wanapiga chafya, macho yana wekundu, mmoja ana uvimbe kwapani, na "kwa maelezo yake wote ni majike". Kesho unawabeba, jioni unatangaza mchango wa matibabu kwa picha ya huyo mwenye uvimbe. Halafu unatuuliza tandiko gani linafaa, kizimba kiwe na ukubwa gani, dawa ya chafya ni ipi na tangazo liandikweje.

Kwa maelezo yake! Hayo ndiyo maneno yaliyonifilisi mimi.

Nilipokea kundi la namna hiyo hiyo kutoka kwa mtu aliyeapa kwa viapo vyote kwamba ni majike matupu, kawalea tangu wadogo, kawakagua mwenyewe. Nikaamini. Mtu ambaye hakuona umuhimu wa kubadilisha tandiko mpaka mkojo ukawa unachoma macho ukifunua kifuniko, nikaamini kwamba alikaa chini akachunguza makalio ya panya mmoja baada ya mwingine. Huruma ikishapanda kichwani, akili huomba ruhusa ikatoka nje. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia nikalibeba mwenyewe na asante juu.

Mle ndani kulikuwa na madume.

Najua kuna mtu atakuja kusema dume la panya linajulikana kwa mbali. Ni kweli, dume mzima aliyetulia mahali penye joto hahitaji utambulisho. Lakini panya ana uwezo wa kuzivuta korodani zikaingia tumboni, na hufanya hivyo akihisi baridi au hofu. Sasa panya waliotolewa kwenye tangi, wakatupwa kwenye boksi, wakabebwa wakitetemeka njia nzima, unadhani wamezianika? Nilichungulia harakaharaka, sikuona kitu, nikajipongeza.

Wewe waache wapate joto kwanza. Kisha mnyanyue mmoja mmoja, mkono huu chini ya kifua, ule mwingine umeshika makalio. Usimning'inize kwa ncha ya mkia, ngozi ya mkia huchunika. Angalia umbali kati ya tundu la mkojo na la haja kubwa: kwa jike yamekaribiana, kwa dume pana nafasi. Ukiwa bado na shaka, puliza manyoya ya tumboni yagawanyike utafute chuchu. Jike anazo 12, dume hana hata moja. Kwa kichanga wa siku 10 hivi, manyoya yakiwa bado mafupi, utaziona kama vidoa vilivyopangwa mistari miwili.

Mbona nang'ang'ania makalio na wewe umeuliza habari za hela? Kwa sababu hapo ndipo hela inapokwenda. Panya jike huingia kwenye joto la kutaka dume kila baada ya siku 4 au 5, na kupandana kwenyewe ni shughuli ya sekunde. Hutaona, hutasikia. Mimba ni siku 21 hadi 23. Uzao mmoja unaweza kuleta watoto 8, 10, 12, na wapo wanaovuka hapo. Halafu sikia hili ambalo mimi hakuna aliyenidokeza: jike akishazaa, ndani ya saa 24 anaweza kupandwa akashika tena. Ukimwacha dume mle ndani eti baba naye ana haki ya kuwaona wanawe, unapata mama anayenyonyesha huku ana mimba nyingine. Na hao watoto wakifika wiki 5 hivi, wa kiume wanaweza kumpanda mama yao na dada zao. Panya hawana baraza la wazee la kuwakemea.

Sasa turudi kwenye mchango. Mimi nilitangaza kwa jike mmoja, tulimwita Pamba, alikuwa na uvimbe chini ya kwapa unaokaribia limau dogo. Picha yake iliwagusa watu. Nikaandika kwa uhakika kabisa: upasuaji wa Pamba kiasi hiki, dawa za chafya za wenzake kiasi hiki, jumla hii hapa. Watu wakatoa, ikatimia, nikaufunga mchango kwa madaha. Kumbe hesabu niliyopiga ilikuwa ya nusu ya kundi. Nusu nyingine ilikuwa bado tumboni.

Siku ya kumpeleka, daktari alimpapasa Pamba, akanyamaza, akapapasa tena. Akaniuliza kama nina dume. Nikajibu kifua mbele: sina. Akamchukua mwenzake niliyekuja naye ili amsindikize, ambaye nilikuwa nimempa jina la Binti Mfalme, akamweka juu ya kitambaa chenye joto, tukaongea mengine kidogo. Korodani zikashuka. Daktari hakutamka neno, alinielekezea kwa kalamu tu.

Upasuaji ukaahirishwa. Uvimbe wa matiti wa panya mara nyingi si saratani ya kusambaa, ni faibroadenoma, hutolewa na maisha yakaendelea. Shida ni kwamba unalishwa na homoni, na mimba ni homoni tupu. Ukawa unakua huku tunasubiri. Uvimbe ukiwa mkubwa upasuaji unakuwa mrefu, na upasuaji ukiwa mrefu bei si ile niliyowaandikia watu. Dawa nazo zikaleta mambo. Chafya ile nyuma yake mara nyingi kuna Mycoplasma pulmonis, bakteria ambaye panya wengi wa kufugwa wanaye, na hewa ya mkojo humwamsha akawa mkali. Dawa zinazotumika sana ni doksisiklini na enrofloksasini. Ya kwanza huathiri meno na mifupa ya watoto walio tumboni au wanaonyonya, ya pili madaktari huiogopa kwa viungo vya mnyama anayekua. Kwa hiyo kila jike akawa anapimwa kivyake, huyu anasubirishwa, yule anabadilishiwa, na kila kupimwa kuna ada yake. Mama naye huwaambukiza watoto bakteria huyo huyo. Yaani nilichangisha dawa za wagonjwa waliopo, nikajikuta nazalisha wagonjwa wapya. Maji yalizidi unga mkuu.

Hapo hatujafika kwa wachangiaji. Aliyetoa hela ya uvimbe anataka kuona uvimbe umetoka. Hataki picha ya vichanga na maelezo marefu ya mtu anayejikanyaga. Nikaulizwa hela ya Pamba iko wapi. Ilikuwa imeliwa na vizimba vya ziada, vipimo, na kumhasi Binti Mfalme (ambaye, kwa taarifa yako, hata akishahasiwa anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kizimba chake cha pembeni kiko palepale). Niliitwa tapeli kwa lugha ninazozijua na nyingine ilibidi nitafsiriwe. Na risiti nilikuwa nazo! Ila hela ya uvimbe, ya chafya, ya tandiko na ya mfukoni kwangu, zote nilizitia chungu kimoja, hakuna aliyeweza kuona ipi ilifanya nini, nikiwemo mimi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo nilioukariri tangu utotoni nikidhani unawahusu wenye maduka.

Pamba alipasuliwa mwishowe, kwa hela yangu, akapona.

Yule aliyenipa panya nilipomtafuta alinitumia ujumbe wa sauti anacheka: "Hongera, umekuwa babu." Babu! Nikaurudia kuusikiliza nikidhani labda mwishoni ataomba radhi. Hakuomba, alikohoa. Na kuna mtaalamu mwingine wa mitandaoni, kila uzi yumo, aliyenijibu enzi hizo "chukua kwanza, mengine yatajipa." Mkuu, hakuna kilichojipa. Kila kilichopatikana nililipa mimi. Hao watu wa mengine yatajipa huwaoni kaunta siku ya bili, na nimeona mmoja wao ameshakujibu hapo juu kwa maneno yale yale. Ndiyo maana niko hapa usiku huu badala ya kulala.

Kwa hiyo kesho nenda na maboksi mawili na la tatu dogo. Unawagawa palepale mlangoni kwake, madume huku, majike kule, mwenye utata anakaa kwenye dogo mpaka apate joto ajulikane. Hata kama ni dakika chache za njiani, dume na jike hawapandi boksi moja. Madume waliokua pamoja waache pamoja, panya hapendi upweke. Kila jike aliyeishi na dume mhesabu ana mimba hadi siku 23 zipite tangu watengane, na uongeze chache za usalama. Mwambie daktari siku ya kwanza, usimfiche, kwa sababu mimba ikiwa changa kuna uwezekano wa kumtoa kizazi, na jike aliyetolewa kizazi mapema hatari yake ya uvimbe wa matiti hupungua sana. Mimi nilichelewa, mlango huo ulikuwa umefungwa.

Na akikudai hela ya soda ndipo awaachie, mnyime. Umekuja kumpunguzia mzigo, hujaja kununua.

Mchango wa kwanza uwe wa uchunguzi wa kundi tu. Tena kwa kundi, usimtangulize huyo mwenye uvimbe hata kama picha yake inaliza. Wa pili utangaze baada ya kujua idadi kamili na ukiwa na makadirio ya maandishi ya daktari mkononi. Andika wazi kwamba itakayobaki itawahudumia wenzao, na omba watu walipe moja kwa moja kliniki kwenye akaunti ya hilo kundi ili hela isipite mikononi mwako kabisa. Weka fungu la kurudia matibabu, maana Mycoplasma hatoki, hutulizwa, na panya akiishi miaka yake 2 au 3 mtaonana naye tena. Weka na fungu la kumlaza kwa amani ambaye hatapona. Kwenye tangazo usimwahidi mtu kwamba panya fulani atapona, andika atatibiwa.

Daktari mpime kwa simu: muulize kama panya anayefanyiwa upasuaji ashinde njaa tangu jana yake. Panya hawezi kutapika, hakuna sababu ya kumnyima chakula usiku kucha kama mbwa. Wa kwanza niliyempigia aliniambia nimnyime hata maji. Nikamshukuru, nikakata.

Nini tena uliuliza... ule wekundu wa macho si damu, ni porfirini, hutoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, dalili ya mnyama aliyechoka au mgonjwa. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na umtajie daktari. Maranda ya mwerezi au msonobari mbichi usiyatumie, mafuta yake yanaumiza mapafu ambayo tayari ni mabovu. Dawa usinunue mwenyewe, kipimo hukatwa kwa gramu za uzito na hujui nani ana mimba.

Ukishawapindua tupia hapa namba mbili, ya madume na ya majike, na makadirio ya daktari yakitoka tangazo nitakaa nawe tuliandike.