Siku moja tu ya matumbawe: kaeni kwenye mwamba mmoja

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba wewe na mkeo mna siku moja tu ya kuogelea kwa snokeli, yaani kuelea na miwani na mrija wa kupumulia, katika likizo yenu, kwamba mwenye boti amewapa hiari ya kupita miamba mitatu kwa nusu saa kila mmoja au kushinda kwenye mwamba mmoja, na kwamba mkeo si mwogeleaji hodari. Nimewahi kuitumia siku ya namna hiyo kwa njia zote mbili, na nawashauri bila kusita mchague mwamba mmoja.

Mara ya kwanza nilichagua mitatu. Nilihofia kukosa kitu, kwa hiyo kila nilipoona samaki nilimfuata nikipiga mapezi kwa nguvu, naye kila mara alinishinda mbio na kutokomea mwanyani. Hadi jioni nilikuwa nimeona mikia mingi na samaki wachache. Nilikuwa pia nimevunja tumbawe, na hilo linaniuma hadi leo: maji yaliingia kwenye mrija, nikashtuka, nikatafuta mahali pa kusimama, na mguu ukatua juu ya matawi yaliyokatika papo hapo. Matumbawe ya matawi hurefuka kwa sentimita chache, pengine hadi kumi, kwa mwaka, na yale ya mviringo yanayofanana na mawe makubwa huongezeka kwa takriban sentimita moja tu au pungufu. Nilichokivunja kwa sekunde moja kilikuwa kazi ya miaka kadhaa ya wanyama wadogo mno, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa na kuishi ndani yake.

Mara ya pili niliingia asubuhi, kabla ya upepo kuchafua uso wa bahari, maji yakiwa karibu kujaa. Wakati huo ni mzuri kwa sababu maji safi huwa yameingia kutoka kilindini na mtu huelea kwa nafasi juu ya mwamba, ilhali maji yakipwa tumbo na magoti hukaribia kugusa matumbawe. Kama tarehe yenu inaweza kusogezwa, epukeni siku za bamvua, zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kuwa mikondo huwa na nguvu. Siku za maji mafu, ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, zinamfaa zaidi mtu asiyejiamini majini.

Nilielea juu ya jabali moja la tumbawe lisilozidi ukubwa wa chumba, nikatuliza miguu, nikakaa hapo karibu saa nzima. Kwa dakika za mwanzo samaki walijificha. Kisha, walipoona kwamba kivuli kilicho juu yao hakiwafuati, walirudi mmoja mmoja: vitatange wakitembea wawili wawili, kangaja wakipita kwa kundi, na mkunga akichungulia kutoka shimoni huku akifumbua na kufumba kinywa, jambo ambalo nililidhania kuwa kitisho, kumbe ndivyo anavyopumua. Nilianza kusikia pia. Mwamba wenye afya hutoa mlio usiokoma, kama mafuta yanayochemka kikaangoni, unaotoka kwa kamba wadogo wanaofyatua gando lao, na juu ya mlio huo nilisikia pono wakitafuna. Pono hukwangua mwani pamoja na jiwe la tumbawe kwa meno yake yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, akalisaga, kisha akalitoa likiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka.

Kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa pembeni mwa jabali hilo. Samaki mwembamba wa rangi ya buluu, mwenye mstari mweusi kutoka puani hadi mkiani na asiyezidi urefu wa kidole, alikuwa akipokea samaki wakubwa waliokuja kwake kwa zamu. Kila aliyefika alisimama bila kusogea, akapanua kinywa na mashavu, na yule mdogo akaingia ndani kumwondolea vimelea na ngozi iliyokufa, kisha akatoka salama. Samaki ambaye pengine angemla mahali pengine alisubiri kwa utulivu kamili. Katika miamba mitatu ya safari ya kwanza bila shaka nilipita juu ya vituo kama hicho, lakini nusu saa ya kufukuzana na samaki haiwezi kumwonyesha mtu jambo hilo.

Mkeo asihuzunike kwamba hawezi kupiga mbizi. Maji humeza rangi nyekundu mapema, ndani ya mita chache za mwanzo, kwa hiyo sehemu ya juu ya mwamba, ile inayoonekana kwa kuelea tu, ndiyo yenye rangi kamili zaidi. Avae jaketi la kuokolea, na aanze mahali penye mchanga ambapo maji yanamfika kifuani. Miwani yake ijaribiwe nchi kavu: aiweke usoni bila kufunga mkanda, avute hewa kidogo kwa pua, na ikishika yenyewe basi inamtosha. Mate yakipakwa ndani ya kioo na kusuuzwa kidogo huzuia ukungu. Zaidi ya yote ajizoeze kupumua polepole na kutoa pumzi yote, kwa sababu mwenye kupumua kwa haraka na kwa juu juu huvuta tena hewa chafu iliyobaki mrijani, akahisi hewa imemwishia, na hofu ikaanzia hapo. Maji yakiingia mrijani, apulize kwa nguvu mara moja. Wewe uwe kando yake muda wote, mkiwa mmekubaliana ishara moja ya kurudi botini.

Tokeni baada ya saa moja hata kama hamjachoka. Maji hupoza mwili haraka kuliko hewa, na hata bahari ya joto humfanya mtu atetemeke asipotahadhari. Pumzikeni, kunyweni maji, kisha mrudi kwenye jabali lilelile, maana mchana jua likiwa utosini mtaona mianya iliyokuwa gizani asubuhi. Vaeni fulana za mikono mirefu, kwa sababu mgongo huungua bila mtu kuhisi, na hivyo mtahitaji mafuta kidogo tu ya kujikinga na jua. Baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe: jimbo la Hawaii lilipitisha sheria mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2021, ya kuzuia uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati.

Mkikuta matumbawe meupe pe, msiyadhanie kuwa mapambo. Maji yakizidi joto la kawaida kwa wiki kadhaa, tumbawe hutoa vimwani vinavyoishi ndani yake na kulilisha, na weupe huo ni dalili ya njaa. Linaweza kupona joto likipungua mapema, na ndiyo maana lisiongezewe teke la pezi.

Kabla ya kuthibitisha safari, muulizeni mwenye boti mambo mawili. Kwanza, mkondo utaelekea wapi saa mtakazokuwa majini, ili muanze kwa kuogelea dhidi yake na kurudi nao mkiwa mmechoka. Pili, kama anafunga boti kwenye boya au anatupa nanga. Akisema anatupa nanga juu ya mwamba, tafuteni boti nyingine.