Kuruka kwa komba na unga wa "misuli ya mlipuko"

SWALI: Nafundisha mpira wa wavu. Kijana mmoja wa timu yangu ameuziwa unga wa "misuli ya mlipuko", pakiti ina picha ya komba. Muuzaji anadai komba ana robo kilo tu lakini huruka zaidi ya mara kumi ya urefu wa mwili wake, hivyo mtu mwenye misuli kama hiyo angeruka ghorofa. Misuli ya komba inatuzidi kwa kiasi gani, na je, tunaweza kuijenga?

JIBU: Kocha, hiyo hesabu ya "mara kumi ya urefu wake" nakutana nayo kila mara, na hakuna inayonikera kuizidi. Urefu wa mwili hauhusiki. Kilo moja ya msuli, iwe ya mnyama mdogo au mkubwa, ikijikaza mara moja hufanya kazi inayokaribiana. Mkubwa ana mzigo zaidi wa kuinua, lakini ana na msuli zaidi wa kuuinua. Mwitalia Giovanni Alfonso Borelli aliliona hilo tangu karne ya 17: wanyama wenye umbo linalofanana wakiruka hupanda kimo kilekile, wadogo kwa wakubwa. Mkuze komba hadi kilo 70, bado atapanda mita 2 na ushei zilezile anazoruka sasa. Ghorofa ataiangalia kutoka chini.

Hizo mita 2 lakini si mchezo. Mchezaji mzuri akiruka kutoka alipochuchumaa huinua mwili wake nusu mita hivi. Ili komba afike huko, lazima aache tawi kwa mwendo wa zaidi ya mita 6 kwa sekunde, na miguu yake ina sentimita kama 15 tu za kusukumia. Shughuli yote inaisha kwa takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Sasa piga hesabu: hata tukisema misuli ya kurukia ni robo nzima ya mwili wake, kila kilo ya misuli hiyo ingetakiwa kutoa wati zaidi ya 1,500. Msuli wa kawaida wa mnyama, ukijitahidi, hutoa mia kadhaa.

Kwa hiyo nguvu hiyo haitoki kwenye msuli moja kwa moja. Mtazame komba kabla hajaruka: anajikunyata, goti na kifundo vimekunjwa kabisa. Misuli minene ya mbele ya paja inaanza kuvuta wakati mguu bado haujanyooka, na kazi yake inawekwa kwenye kano zinazonyumbuka. Kisha kano zinaachia zote kwa mpigo, kama manati. Msuli umevuta kwa mwendo wake wa kawaida; kilichoharakishwa ni utoaji. Ongeza mfupa wa kisigino uliorefuka kupita kiasi, unaompa nafasi zaidi ya kusukuma, na umepata mrukaji.

Hata kuhusu nguvu za sokwe mtu, watu walitia chumvi. Kwa miongo mingi ilisemwa ana nguvu mara tano ya binadamu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kuwa msuli wake unauzidi wetu wa ukubwa uleule kwa takriban mara 1.35, hasa kwa sababu una nyuzi nyingi zaidi za kasi, yaani zinazojikaza haraka.

Sasa huo unga. Hakuna kinachonywewa kinachorefusha kisigino wala kubadili mpangilio wa kano. Mchezaji anaweza kuboresha kano zake, ila hilo ni suala la miezi ya mazoezi mazito yanayopandishwa taratibu, na wauza njia za mkato hawana subira hiyo. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuwachoma vijana homoni za kukuza misuli. Hao wananitia hasira kwelikweli. Msuli unanenepa haraka, kano inabaki nyuma, na kuna wanamichezo waliokatika kano kwa namna hiyo.

Wengine huwarusha vijana kutoka juu ya visanduku kila siku, wakiita hayo mazoezi ya mlipuko. Kijana akianza kuumwa chini kidogo ya pia ya goti, punguza miruko siku hiyohiyo, usingoje mechi ipite. Na unga auache leo: bidhaa za aina hii zimewahi kukutwa na dawa zisizoandikwa kwenye pakiti, na kwa kanuni za kupambana na dawa michezoni, kinachokutwa mwilini mwa mchezaji anawajibika nacho mwenyewe, hata kama alidanganywa.