Cherehani imefunikwa kanga miezi mitatu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Tanga. Mume wangu alininunulia cherehani ya umeme kabla ya Ramadhani kwa sababu kila siku nilikuwa nasema natamani kushona. Siku ya kwanza nilikanyaga pedeli ikakimbia kama pikipiki. Uzi ukajisokota chini, nikavuta kitambaa, sindano ikakatika na kipande kikanirukia shavuni. Tangu siku hiyo nimeifunika kanga. Nikiiona tu mikono inatoka jasho. Jirani yangu ni fundi cherehani. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu hasemi kitu, ila juzi aliniuliza, "Mama watoto, nguo za Idi ya Mfungo Tatu umefika wapi?" Nikamdanganya kwamba uzi umeisha. Shangazi, niiuze?*
*Mwoga, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza hilo jina la Mwoga ulifute. Sindano imekukatikia mbele ya uso, kipande kikakugusa shavu. Hapo palibaki inchi mbili tatu kufika jichoni. Mtu aliyepatwa na hayo halafu akarudi kukaa pale pale moyo umetulia, huyo ndiye ningemshangaa. Kwa hiyo sitakuambia usiogope. Neno hilo sijaona likimkausha mtu jasho la mikono. Ila nimeisoma barua yako mara tatu, na naona ulichokiogopa ni ule mwendo. Sindano ikipanda na kushuka polepole wala usingeitazama mara mbili. Kilichokutisha ni kwamba ilikimbia na hukujua pa kuishikia.

Nakuelewa, maana nami yalinikuta. Nilianza kushona kwenye kipindi cha Sayansi Kimu, kwa cherehani ya miguu, mwalimu kasimama nyuma yangu na rula. Cherehani ya miguu ukiikanyaga vibaya gurudumu linarudi kinyume na uzi unakatika. Wangu ulikatika mara nne, na kila ulipokatika rula ilishuka kwenye vidole. Nikatoka pale nina hakika kwamba kushona sikuumbiwa, na hakika hiyo nikakaa nayo miaka mingi, nikiona hata aibu kupita karibu na mafundi wa barazani.

Aliyenitoa huko ni mama yangu mkubwa. Hakunihubiria. Aliinama, akauvua ule mkanda wa ngozi kwenye gurudumu kubwa la chini, akauning'iniza msumarini, kisha akasema, "Kanyaga." Bila mkanda, huku juu cherehani imelala, sindano haisogei; miguu inakanyaga bure. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Nilikanyaga hivyo yeye akiwa anachambua mchele na kunisimulia harusi ya watu nisiowajua. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu akaurudisha mkanda bila kuniambia, nikashtukia sindano inatembea na miguu yangu wala haina habari.

Yako ya umeme haina mkanda wa kuvua kirahisi hivyo, lakini ina waya wa kuchomoa. Uchomoe. Kaa mbele yake, shika lile gurudumu la upande wa kulia kwa mkono, lizungushe kuja kwako, kila mara kuja kwako, usilirudishe nyuma. Utaiona sindano inashuka, inazama, inapanda, kwa mwendo unaoutaka wewe. Wazee waliotupa neno cherehani walilitia karibu na cherehe, lile gurudumu la kunolea visu, na mimi huwa naona walikuwa na haki: kitovu cha chombo hiki ni gurudumu, na hilo unalo mkononi. Zungusha mpaka uchoke kuitazama. Siku ya kwanza usifanye zaidi ya hapo, hata ukijisikia kishujaa.

Lakini kabla hujazungusha chochote, nikuulize: kipande cha sindano kilichokurukia ulikiokota? Na kile kingine, kilibaki kwenye skrubu au kilidondokea ndani kwa bobini, kile kidude cha uzi wa chini? Kitafute. Fungua sehemu ya bobini, vuta nyuzi zote zilizobaki, angalia kwa tochi ya simu. Kipande cha chuma kikikaa humo, sindano mpya nayo itavunjika na utaniambia una nuksi. Vipande tia kwenye kopo lenye mfuniko, watoto wanatembea pekupeku.

Sasa tuzungumze kilichotokea siku ile, kwa sababu miezi mitatu yote umekuwa ukidhani ni mkono wako mbaya. Uzi ukijisokota chini, kosa karibu kila mara liko juu. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vidogo vinavyoubana. Ukiutunga huku mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, umeshushwa, visahani vinakuwa vimefumba na uzi unabaki nje yake bila kushikwa. Ukianza kushona, uzi unashuka mwingi na hakuna cha kuurudisha, unajikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha shomoro. Ukaona kitambaa kimekwama, ukakivuta. Kukivuta ndiko kulikoipinda sindano. Ikashuka pembeni ya tundu lake, ikagonga bamba la chuma, ikakatika. Ndiyo habari yote. Mafundi wenye miaka 30 kazini wanakatikiwa na sindano, na jirani yako naye ukimpekulia droo utazikuta.

Kwa hiyo ukitunga uzi, nyanyua mguu kwanza. Ukianza kushona, ushushe, na hakikisha kile kijiti chenye tundu kinachopanda na kushuka kiko juu kabisa. Ncha zote mbili za uzi, wa juu na wa bobini, zipeleke nyuma na uzishike kidogo kwa mishono mitatu minne ya mwanzo. Kitambaa usikivute wala usikisukume. Yale meno yaliyo chini ya mguu ndiyo yanayokipeleka, mikono yako inakiongoza tu, mmoja kulia mmoja kushoto, mbali na sindano. Na nunua sindano mpya, namba 14, ile inayoandikwa 90/14 kwenye pakiti. Inafaa kanga na kitenge. Kwenye cherehani nyingi za umeme za nyumbani, upande wake bapa unatazama nyuma. Isukume juu mpaka igome, ndipo ukaze skrubu. Sindano iliyopachikwa nusu nusu nayo hukatika.

Siku ya pili, bado bila umeme na bila uzi, weka chini ya mguu karatasi ya daftari la mtoto, yenye mistari. Fuata mstari kwa kuzungusha gurudumu. Karatasi itakuonyesha matundu yako yanakwenda wapi, na ukikosea umepoteza karatasi. Ile sindano itakayotoboa karatasi itenge, usiishonee nguo tena, inakuwa butu.

Siku ya tatu chomeka waya. Uzi bado. Vua kandambili, weka mguu mtupu juu ya pedeli, maana ukivaa kiatu huhisi unakandamiza kiasi gani. Kisigino kikae sakafuni, ukandamize kwa vidole tu. Kandamiza, achia. Kandamiza, achia. Unachojifunza hapo ni kuachia. Siku ile ulipotishika nadhani ulifanya wafanyavyo wengi, ulikaza mwili wote na mguu pia, nayo ikazidi kukimbia. Rudia mpaka mguu uwe unaachia wenyewe kabla hujaufikiria. Na kama una miwani, ivae. Bado unahofia jicho lako, na hofu hiyo ina haki yake.

Nguo za Idi, mwanangu, mwaka huu zipeleke kwa fundi. Gauni la mtoto lina shingo, mikono, zipu. Ni mtihani wa mtu aliyeshaanza. Wewe nunua doti moja ya kanga, mpya, ambayo haijakatwa. Ikate katikati upate kanga mbili. Urefu una pindo la kiwandani, lakini kila kanga itakuwa na ncha mbili zinazochambuka nyuzi, jumla ncha nne, kila moja mita moja na kidogo. Kunja mara mbili kwa ufinyu, piga pasi ikae, kisha shona moja kwa moja mpaka mwisho. Hakuna kona, hakuna kipimo, na ukipinda kidogo hakuna atakayekuinamia upindo wa kanga kukagua. Ncha moja kwa siku inatosha.

Jirani yako aliniudhi, nisikufiche. Lakini nadhani amesahau tu alivyoanza. Mrudie mara moja, umwambie, "Nataka nitunge uzi mwenyewe, wewe unitazame tu." Mikono iwe yako, siyo yake, kwa sababu fundi akikufanyia anakwenda mbio na huoni kitu. Akicheka tena, mshukuru uondoke. VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wanatoa mafunzo ya ushonaji, na barazani kwenu hakukosi mama mmoja mwenye subira ambaye atakufundisha kwa saa moja mchana, wateja wakiwa wachache.

Kuhusu mume wako, ule uongo wa uzi ndio uliokaa moyoni mwangu kuliko sindano. Mtu aliyesikia unatamani kitu, akajinyima, akakuletea, huyo hakuulizi kwa kukudai. Anauliza kwa sababu alitarajia furaha na anaona kanga imefunika. Usimwache afikiri zawadi yake hukuipenda. Mwambie leo usiku, kwa maneno mafupi: sindano ilinikatikia usoni, niliogopa, niliona aibu kukwambia, uzi haukuisha. Kisha mwombe akae chumbani siku ya kuchomeka waya, asiseme kitu, awepo tu.

Umeniuliza uiuze. Mimi sioni ubaya wa kuuza cherehani. Si kila mtu lazima ashone, na wapo wanaojaribu vizuri wakakuta hawaipendi kazi yenyewe. Ila usiiuze kabla ya zile ncha nne. Ukimaliza ya nne na bado hujaipenda, mwambie mume wako, tafuteni mteja, uje unieleze bila haya. Na ukiipenda, niandikie pia, nikwambie namna ya kushona foronya.

Leo kazi yako ni moja: ondoa kanga, uifue, uianike.